Sukari ya Babu, Sukari ya Mjukuu

Bweni la Wasichana,
Mkalama.
10 Februari 2024

Shikamoo babu,

Natumaini umeamka salama na nyuki wako hawajakuhama. Mimi nipo, ila siko sawa, ndiyo maana nakuandikia badala ya kusubiri Jumapili ya kupiga simu. Ile simu ya Matroni tunaipangia foleni, na kwa kuwa wewe masikio yako yamechoka inabidi nipige kelele, kila mtu anasikia. Haya ya leo sitaki wayasikie. Nitampa konda Simeoni barua hii aiache pale stendi ya Ihanja kwa muuza chai.

Babu, nina kiu. Siyo kiu ya kutoka shambani. Nakunywa kikombe, nafika mlangoni, narudi kunywa kingine. Halafu nakojoa mno, mpaka mwalimu wa hesabu amenikataza kutoka kwenye kipindi chake. Juzi nikajikojolea darasani. Niko kidato cha tatu, babu, na nimejikojolea mbele ya wavulana. Nakula kuliko wote mezani na bado sketi inanivuka, nimeifunga kwa kamba ya katani. Ubaoni herufi zinaingiliana kama vile mwalimu amezifuta vibaya.

Haya yote yameanza baada ya Krismasi. Nilipokuwa nyumbani likizo nilikuwa mzima, wewe mwenyewe uliniona nikibeba ndoo.

Matroni Anastazia aliniita akanipeleka kupimwa mimba. Haikuonekana. Lakini wenzangu hawaamini kipimo, wanaamini macho yao: msichana anayekwenda chooni hovyo na kutapika asubuhi. Anayenisogelea ni Rukaiya tu, tunayekaa naye dawati moja. Naapa kwa kaburi la mama sijafanya lolote. Tangu mama afariki sina wa kumwambia ila wewe. Niambie, nina nini?

Mjukuu wako,
Catherine


Ihanja,
18 Februari 2024

Mtani wangu Catherine,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama hapo hapo stendi, muuza chai akadhani nimepata msiba. Futa machozi. Mimba hakuna, na wewe hujarogwa. Una sukari!

Wasomi wote hao na chaki zao, hawaoni. Kiu, mkojo, kukonda huku unafagia sahani, macho kufifia. Ningekuwa hapo ningewaambia kabla hujamaliza kunywa kikombe cha kwanza. Mimi nimekaa na ugonjwa huu muda mrefu kuliko baadhi ya ndoa za hapa kijijini. Unajua Mungu ana utani wake: mrina asali wa Ihanja nzima akapewa sukari, sasa nachungulia mizinga yangu kama mtu anayetazama nyumba aliyoiuza.

Kama huniamini, kojoa pembeni kwenye udongo mkavu, kisha urudi baadaye utazame. Ukikuta sisimizi wamefanya mkutano hapo, ujue babu yako hajakosea.

Kitu kimoja tu kimenishangaza. Mimi ilininyemelea taratibu. Nyayo zilianza kufa ganzi, kidonda cha jembe kikakataa kupona, na tumbo langu wakati huo lilikuwa la mwenyekiti. Walipokuja kunipima wakasema ilikuwemo miaka mingi. Wewe imekukumba kwa ghafla, tena u mwembamba. Nafikiri ni ujana. Damu yako inakimbia, na ugonjwa umekimbia nayo.

Sasa nenda kwa Matroni, umwambie hivi: nimepimwa mimba, sasa naomba nipimwe sukari. Usione haya. Ni ugonjwa wa ukoo wetu, ni wa watu wenye heshima zao.

Babu yako,
Yeremia


Mkalama,
9 Machi 2024

Shikamoo babu,

Babu, wewe ni daktari! Sisimizi walikuja. Nilicheka peke yangu nyuma ya bweni kama kichaa. Afadhali sukari mara elfu kuliko lile jina walilokuwa wananiita.

Matroni alinipeleka hospitali siku ile ile nilipomweleza. Sikumbuki safari yote maana nilizimia njiani. Kimashine chao kilishindwa hata kutoa namba, kikaandika tu kwamba imepita kiasi. Niliwekewa maji ya mshipani, na nilipozinduka daktari akauliza ni nani aliyenituma nipimwe sukari. Nikasema ni babu yangu. Akasema huyo babu amekuokoa, ungekaa siku chache tu tungekuwa tunaongea mengine. Nilijisikia fahari mpaka nikalia.

Sasa nimerudi shule na nimeanza kunenepa. Rukaiya anasema mashavu yamerudi. Tatizo ni moja. Natakiwa kujichoma sindano kila siku, asubuhi na jioni, kabla ya kula, maisha yangu yote. Inaitwa insulini. Matroni anaitunza kwenye friji ya nyumbani kwake, mimi naenda hapo najichoma tumboni. Niliuliza kama siwezi kupewa vidonge kama vyako. Daktari akasema sukari yangu siyo ya aina yako, kwamba vidonge vyako havinifai. Alieleza kwa kirefu ila kichwa kilikuwa bado kizito, sikushika vizuri. Wewe unajua zaidi. Kuna aina ngapi?

Nakupenda, babu.
Catherine


Ihanja,
17 Machi 2024

Catherine,

Nimesoma mpaka kwenye neno sindano, nikaacha kusoma nikaenda kukaa nje.

Sijui kuna aina ngapi. Najua niliyoyaona. Naftali wa Sepuka tulianza naye kliniki pamoja, vidonge vile vile, tukichekana njiani. Akahamishiwa kwenye sindano. Baada ya sindano wakamkata mguu, baada ya mguu tukamzika. Mama yake Kefa, hivyo hivyo. Yule mwalimu mstaafu wa Issuna, hivyo hivyo. Hapa kwetu mtu akiandikiwa sindano, jamaa zake huanza kutafutana. Mimi kila mwezi naingia kliniki nikiomba neno moja tu, kwamba nesi asiseme sindano. Na wewe mtoto wa juzi wamekuanzishia hapo ambapo wenzako humalizia!

Daktari alikukuta umezimia akaogopa, ndiyo maana. Namshukuru kwa hilo. Lakini sasa umezinduka. Shangazi yako Luciana alipata sukari akiwa na mimba ya Benson, tukalia hapa, akajifungua na sukari ikaondoka yenyewe, hadi leo anakunywa chai tamu mbele yangu kwa makusudi. Kwa hiyo ugonjwa huu huondoka, mjukuu wangu, mradi haujazoezwa sindano.

Ndani ya mfuko wa karanga utakuta vidonge vyangu. Nimekugawia, mimi nitakunywa kimoja badala ya viwili, mwili wangu umezoea. Kuna na unga wa mwarobaini, mchungu kama hukumu, unywe hivyo hivyo. Ugali acha, uji acha, kula mboga. Sindano uipunguze kidogo kidogo, mpaka uiache. Matroni usimwambie. Hawa watu wakishaandika kitu kwenye cheti hawarudi nyuma. Nenda kachukue dawa kama kawaida, geuka pembeni, imwage.

Nakuomba. Sijakulea nije nikuone ukikatwa vipande.

Babu yako,
Yeremia


Mkalama,
7 Aprili 2024

Shikamoo babu,

Karanga na vidonge nimepata. Samahani nimechelewa kujibu.

Babu, usikasirike. Nikijichoma nakuwa sawa. Kiu inaisha, naona ubao, nimeshika nafasi ya pili kwenye jaribio la biolojia. Ile asubuhi niliyojaribu kuacha kama ulivyosema, hadi mchana nilikuwa nimeenda chooni mara nyingi mpaka Rukaiya akaniuliza kama imerudi. Nikaogopa, jioni nikajichoma yote.

Lakini nako nikijichoma naogopa. Nakumbuka mguu wa mzee Naftali, jinsi suruali ilivyokuwa imekunjwa na kubanwa kwa pini kanisani. Na humu bweni wanasema msichana wa sindano hazai. Jana nilikaa na bomba la sindano mkononi mpaka Matroni akauliza kama nimesahau namna ya kujichoma.

Nikifuata daktari naona nakuasi wewe. Nikikufuata wewe naogopa kuzimia tena. Sina mtu wa kumuuliza. Niambie kwa hakika, babu. Ukisema una hakika, nitaacha.

Catherine


Ihanja,
14 Aprili 2024

Catherine mjukuu wangu,

Walipokupima mimba, nani aliyejua ni sukari? Sisimizi walikuja au hawakuja? Nilikosea?

Kuzoea dawa ndiko huko, mwili unaidai ukiinyima, mlevi naye hutetemeka asubuhi. Vumilia siku za mwanzo. Nimemzika mke, nimemzika mama yako. Wewe ndiye uliyebaki wa kunizika mimi, na sikubali tubadilishane zamu.

Nina hakika.

Babu yako,
Yeremia


Mkalama,
23 Aprili 2024

Shikamoo babu,

Nimeacha. Nilianza kwa kupunguza nusu, na tangu Jumamosi sijajichoma kabisa. Namwaga kwenye shimo la maji machafu nyuma ya nyumba ya Matroni, halafu narudisha bomba na kusema asante. Ananiangalia kwa upendo, hilo linaniuma.

Vidonge vyako nakunywa. Mwarobaini nautapika ila nakunywa tena. Ugali sili. Sijambo, usiwe na wasiwasi. Tumbo tu linauma kidogo, na nikipanda ngazi ya darasani nahema kwa nguvu kama nimekimbizwa, hata nikikaa nahema hivyo hivyo. Rukaiya anasema mdomo wangu unanukia matunda yaliyoiva sana, akaniuliza nimeficha wapi ndizi. Tulicheka. Je, na wewe ulinukia hivyo ulipoanza?

Mwandiko unisamehe, mistari inacheza. Nikija likizo ya Juni naomba siku ya kwanza tu uniruhusu nile ugali wa uwele na mlenda, hata kama ni kidogo. Naota chakula babu. Nimefanya yote uliyosema.

Wako
Catherine


Ihanja,
28 Aprili 2024

Shujaa wangu,

Hapo sawa! Barua yako nimemsomea shangazi yako Luciana kwa sauti, ile sehemu ya kuacha, nikamwambia huyu ndiye damu yangu.

Mimi sikunukia matunda, wala sikuhema hivyo, ila nimelifikiria sana jambo hilo na naona ni sukari inatoka kwa njia ya pumzi. Iache itoke. Kuchoka ni kawaida kwa mtu asiyekula ugali. Mimi mwenyewe nyayo zinawaka moto tangu nipunguze vidonge, lakini nikikumbuka viko wapi, nafurahi.

Uwele mwaka huu umekubali. Ugali utakula, tena nitausonga mimi, na mlenda atapika Luciana maana wangu unajua ulivyo. Siku moja haiwezi kuua mtu. Tutakuwa wawili wa vidonge, tutakwenda kliniki pamoja tukiwacheka wazee wenzangu.

Jikaze kidogo tu. Juni si mbali.

Babu yako mwenye furaha,
Yeremia


Mkalama,
12 Mei 2024

Mzee Yeremia,

Shikamoo, na pole tena. Nimekupigia simu mara nyingi tangu tulipoachana pale makaburini, haipatikani. Luciana anasema umeizima na kuiweka kabatini. Kwa hiyo nimeandika, na nimemkabidhi Simeoni sanduku la Catherine pamoja na barua hii.

Vitu vyake vyote vimo. Barua yako ya mwisho ilifika tukiwa tumempakia kwenye gari kumkimbiza hospitali. Sikuifungua, kwa kuwa ilikuwa yake. Nimeiweka juu ya sare zake.

Najua siku ya maziko hukuuliza kitu, na mimi sikuwa na nguvu ya kusema. Asubuhi ile hakuamka kwa kengele. Rukaiya alimkuta anahema kwa sauti, macho yamefunguka lakini hamwoni mtu. Hospitali walifanya kila walichoweza, akafariki kabla ya jua kuzama. Daktari aliniuliza swali moja tu: alikuwa anachoma sindano zake? Nikasema ndiyo, kila siku, nyumbani kwangu. Alichukua mwenyewe kwenye friji yangu na kunirudishia bomba tupu. Daktari akasema basi dawa iliharibika, huenda ilipata joto. Na ni kweli mwezi ule umeme ulikuwa unakatika. Mimi ndiye niliyekabidhiwa ile dawa, mzee wangu. Nimeshamweleza mkuu wa shule kwamba mtoto ameniponyoka mikononi. Kula siwezi, na ile friji sijaifungua tena. Nakuomba unisamehe, ikiwezekana.

Nina jambo lingine, na naona vibaya kukusumbua nalo. Kuna mtoto wa kidato cha kwanza, anaitwa Witness. Amekuwa mtu wa kikombe cha maji, amekonda, na kitandani anajikojolea. Kwao wanasema ni minyoo, amepewa dawa. Mimi baada ya yaliyonikuta siamini tena nijuacho. Catherine alikuwa akituambia kwamba wewe ndiye uliyeutambua ugonjwa wake kabla ya sisi sote. Naomba unishauri. Nifanye nini na mtoto huyu?

Nabaki katika majonzi,
Anastazia Amosi, Matroni


Ihanja,
16 Mei 2024

Matroni Anastazia,

Marahaba, mwanangu. Jana baada ya kusoma nilifungua kabati nikakupigia, na uliyasikia niliyosema juu ya Witness: mpeleke leo, usingoje wazazi, akapimwe sukari, na wakimwandikia sindano mchome. Nashukuru ulinijibu kwamba mlikuwa mmeshaondoka naye kwenda hospitali. Nilikata simu haraka kwa sababu haya mengine mdomo ulikataa kuyatoa.

Dawa yako haikuharibika. Catherine hakuichoma. Alikuwa anaimwaga kwenye lile shimo la maji machafu nyuma ya nyumba yako, kwa amri yangu, akinywa vidonge vyangu badala yake. Nilimwandikia kwamba sindano huua. Aliniuliza kama nina hakika. Nikamjibu kwa mkono huu kwamba ninayo. Barua uliyoiweka juu ya sare nimeifungua mwenyewe, na ndani yake nampongeza. Nampongeza kwa harufu ya pumzi yake, Matroni, na kwa kuhema kwake.

Wiki iliyopita nilikwenda kliniki nikamweleza daktari yote. Nilitaka anigombeze, akanivutia kiti. Akasema ndani yangu bado kuna dawa ambayo mwili hujitengenezea, ila mwili umekuwa mgumu kuipokea, ndiyo maana vidonge vinasaidia, ndiyo maana nimezeeka nayo. Ndani ya mtoto dawa hiyo ilikauka yote kwa muda mfupi, kwa hiyo akawa anaishi kwa sindano kama mtu anavyoishi kwa chakula. Ya Luciana ilikuwa ya mimba, na yeye ameambiwa arudi kupimwa kila mwaka maana yaweza kurudi. Nikamuuliza habari za Naftali. Akasema Naftali hakuuawa na sindano, sindano ilimkuta amechelewa. Ni ugonjwa wa jina moja lakini si mmoja, na mimi kwa kuwa nilijua wa kwangu nikadhani nimeujua wote. Niliutambua kabla ya wote, kama alivyokuambia. Ni kweli.

Nimemwandikia mkuu wa shule vivyo hivyo ili jina lako lisafishwe. Usiniombe msamaha tena, hilo neno linanichoma. Kula, mwanangu. Wewe ulimtunza.

Watu wanakuja hapa kunipa pole. Wanasema Mungu ameamua. Sijui namna ya kuwaambia kwamba aliniachia mimi, na mimi nikaamua.

Huyo Witness akipewa sindano, kaa naye mpaka uione imeingia mwilini, kila mara, hata akikuudhi. Mweleze kwamba yake si ya wazee. Na kama kwao kuna babu ajuaye kuandika, barua zake msimpe.

Yeremia